Fanani wa Jeevanjee na Mwanafunzi wa Fasihi Simulizi

Saa saba mchana, jua likiwa la utosi, Bustani ya Jeevanjee jijini Nairobi hujaa watu. Bustani hii, ambayo Alibhai Mulla Jeevanjee aliwatunuku wakazi wa mji mwaka wa 1906, imekuwa kwa muda mrefu ukumbi wa wahubiri, walumbi wa siasa na wachekeshaji. Si mbali na Chuo Kikuu cha Nairobi, na aghalabu mwanafunzi wa Kiswahili huikatiza akielekea kituo cha matatu, vitabu vikiwa kwapani.

Siku anaposimama kutazama, humwona mchekeshaji aliyejichorea duara ardhini kwa maji ya chupa. Hana kipaza sauti wala jukwaa. Anamwiga mzee aliyeingia mjini kwa mara ya kwanza: lafudhi inabadilika, mgongo unapinda, jicho moja linafumba. Honi ya matatu inapolia ghafla, hababaiki. Papo hapo inageuka kuwa mlio wa fahali wa yule mzee, na umati unaangua kicheko. Kisa kinapofika kileleni, ananyamaza na kuzungusha kofia. Hakuna aondokaye, ingawa wengi wana haraka ya kurudi kazini.

Mwanafunzi anayafahamu haya yote kwa majina. Ile honi ni ufaraguzi. Kile kimya ni taharuki. Ule mgongo uliopinda ni viziada lugha. Ameyaeleza katika mitihani na kupata alama za kuridhisha. Je, akitakiwa kuingia duarani kwa dakika tano tu, ataweza kuwashika watu wasiolazimika kumsikiliza? Ukweli mchungu ni kwamba wengi hawawezi kutamba hata ngano moja ya nyanya zao bila kuisoma karatasini.

Si haki kumlaumu mwanafunzi peke yake. Tangu Ruth Finnegan asisitize umuhimu wa utendaji katika kitabu chake cha mwaka wa 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, wahadhiri wameyarudia maneno hayo darasani. Mtihani unapofika, hata hivyo, fani ambayo roho yake ni sauti, mwili na hadhira hupimwa kwa kalamu, kimya kimya, kila mtu dawatini pake. Yamkini mtu atadai kuwa kazi ya chuo ni kuhakiki wala si kuzalisha mafanani. Hoja hii ina uzito, ila haitoshi. Mhakiki ambaye hajawahi kuonja hofu ya hadhira inayoanza kutawanyika atajuaje kwa nini fanani alikikatiza kisa pale wala si kwingineko? (Isitoshe, mchekeshaji akikosea hulala njaa, mwanafunzi akikosea hurudia karatasi.)

Idara za Kiswahili zingeweza kutenga sehemu ya alama za somo hili kwa utambaji mbele ya hadhira, hata ikiwa ni ya wanafunzi wenyewe chini ya mti. Halihitaji fedha jambo hili. Kinachohofiwa, labda, ni kwamba mhadhiri naye angeombwa atangulie.