Wito kwa Wakazi wa Eldoret: Tuambiane Ukweli Kuhusu Mvua

Ndugu zangu wa Eldoret, msimu wa mvua ukikaribia, simu zetu huanza kulia kabla ya radi. Ujumbe huwa ni ule ule: herufi kubwa, alama tatu za mshangao, "kimbunga kinaingia Bonde la Ufa usiku wa leo", video ya mabati yakipeperuka katika mji usiojulikana, na mwishoni amri kwamba uwatumie wote unaowapenda. Kufikia jioni umeshapita kwenye grupu la chama, la kanisa, la wazazi wa shule na la stendi ya matatu. Asubuhi jua linawaka, watu wanacheka, na tunadhani mambo yameishia hapo.

Nawaandikia kwa sababu hayaishii hapo. Kila tishio la uongo likipita huondoka na sehemu ya imani yetu. Siku onyo la kweli litakapokuja, litatukuta tumezoea kucheka.

Tukumbuke mwanzo wa Mei 2024. Nchi ilikuwa tayari imezama katika mafuriko ya masika wakati Kimbunga Hidaya kilipojitokeza katika Bahari ya Hindi. Tarehe 3 Mei Rais William Ruto alitangaza kwamba shule zisifunguliwe hadi itakapoarifiwa tena, akisema Kenya huenda ikakumbwa na kimbunga kwa mara ya kwanza. Kwa watu wa pwani, hasa wavuvi, tahadhari hiyo ilikuwa na msingi. Lakini habari haikubaki pwani. Ilizungumzwa kana kwamba kila kaunti iko njiani mwa kimbunga. Siku iliyofuata Hidaya kikafika kisiwa cha Mafia, Tanzania, kikiwa kimeishiwa nguvu. Shule zetu zikafunguliwa tarehe 13 Mei, na wengi wakasema tulidanganywa.

Hatukudanganywa. Mvua ya Hidaya ilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi, na wenzetu wa upande wa Kilwa walionja uchungu wake. Tulichokosa ni maelezo yaliyotulia: nani yuko hatarini, nani hayuko, na kwa nini.

Basi tuelezane sisi wenyewe. Kimbunga cha bahari huishi kwa joto la maji ya bahari. Kikipanda nchi kavu hufifia haraka. Tena huhitaji mzunguko wa dunia ukisaidie kuzungusha upepo, na karibu na ikweta msukumo huo ni dhaifu mno. Eldoret iko nusu digrii tu kaskazini mwa ikweta, karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na mamia ya kilomita kutoka Mombasa. Anayekuambia kwamba kimbunga cha bahari kinaelekea Langas au Kapsoya hajui anachosema.

Hilo lisitufanye tulale. Hatari zetu zipo, na zina sura yake. Mchana ardhi ikipata joto, hewa yenye unyevu kutoka upande wa Ziwa Victoria hupanda, mawingu yakajengeka, na kufikia alasiri tunasikia mawe juu ya mabati. Kwa kuwa tuko juu, barafu haipati umbali wa kutosha kuyeyuka kabla ya kutua. Wataalamu huzitaja Kericho na Nandi Hills, majirani zetu, miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Mkulima wa Ziwa au Moi's Bridge anajua: dakika chache za mawe kwenye mahindi yanayochanua zinatosha kumwondolea karo ya mwaka mzima. Kuna radi. Kuna mto Sosiani, ambao watu wamejenga hadi ukingoni mwake. Na upande wa mashariki, kwenye miteremko ya Elgeyo, kuna udongo unaoteleza ukishiba maji. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba 2025 mlima uliporomoka Chesongoch, Marakwet Mashariki, ukaua zaidi ya watu 20. Majeruhi waliletwa hapa kwetu kwa ndege wakatibiwe.

Sasa tazameni gharama ya kutia chumvi. Kwa waliokuwa na umri wa kufahamu, mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilivunja barabara na madaraja hata jina lenyewe likawa tisho. Mwaka 2015 tukaandaliwa kwa mafuriko ya aina hiyo. Mvua ilinyesha, na palipofurika watu walikufa, lakini haikufikia ile ya 1997, na wengi wakahitimisha kwamba wataalamu hubahatisha. Ikaja 2023. Utabiri ulitolewa mapema, kisha mwezi Oktoba tukaambiwa hadharani, na Rais mwenyewe, kwamba El Niño iliyohofiwa haingefika. Kufikia Desemba zaidi ya watu 150 walikuwa wamepoteza maisha nchini. Aliyetishwa bure jana hupuuza leo, na kupuuza ndiko kunakoua.

Hata pale hofu ni ya haki, habari ya haraka isiyo sahihi hutupotosha. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024 maji yalishuka Mai Mahiu yakazoa nyumba, na zaidi ya watu 50 wakafa. Habari za kwanza zilisema bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kwamba maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, baada ya njia yake ya chini kuzibwa na miti, mawe na matope. Tofauti hiyo ni kubwa kwetu. Aliyesikia "bwawa" alishusha pumzi, kwa kuwa hakuna bwawa juu ya nyumba yake. Aliyesikia "njia ya maji iliyoziba" angetoka nje akaangalia kalvati lililo nyuma ya ploti yake, akakuta chupa za plastiki, magunia na tope hadi juu.

Kwa hiyo nina maombi, na kila mmoja wetu ana lake.

Wewe mwenye simu, kabla ya kusambaza onyo, uliza mambo matatu: limetolewa na nani, linahusu kaunti gani, na kuanzia saa ngapi hadi lini? Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya haitangazi "maafa makubwa yanakuja". Hutaja maeneo, tarehe na kiasi, kwa mfano mvua ya zaidi ya milimita 20 katika saa 24. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwenye kila mita mraba. Milimita 20, basi, ni sawa na kumwaga mtungi wa lita 20 juu ya kila mita mraba ya ardhi. Ploti ya futi 50 kwa 100 hupokea zaidi ya lita 9,000. Ukijua hivyo, hutahitaji video ya mji mwingine ikuambie kama mtaro wako unatosha. Ujumbe usiojibu maswali hayo matatu, uishie kwako.

Ninyi waandishi wa habari na watangazaji wetu, tunawahitaji. Sauti zenu hufika mashambani ambako intaneti haifiki, tena kwa lugha za nyumbani. Tunawaomba mseme "huenda" pale wataalamu waliposema "huenda", mtaje eneo badala ya kusema "nchi nzima", na mkitumia picha mwandike imepigwa wapi na lini. Kila kaunti ina mkurugenzi wa huduma za hali ya hewa. Mwiteni studioni kabla ya mvua, si baada ya mazishi. Na onyo likipita bila maafa, rudini mtueleze kwa nini. Utabiri ni hesabu ya uwezekano, na wananchi wakielezwa wanaelewa.

Machifu na wazee wa mitaa, tunaomba baraza moja kabla ya kila msimu. Elezeni yale maagizo madogo ambayo Idara huyarudia kila mara na sisi tunayapita haraka: usijikinge mvua chini ya mti, usikae karibu na dirisha la vyuma wakati wa radi, usivuke maji yanayokwenda kasi, kwa miguu wala kwa gari. Vijana wa bodaboda, hili la mwisho linawahusu zaidi. Abiria akikuhimiza uvuke, una haki ya kukataa, na sisi abiria tuna wajibu wa kushuka na kusubiri.

Mkulima mwenzangu, usivune mahindi mabichi kwa sababu ya uvumi. Nafaka inayotakiwa ghalani ni yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5. Ukiikimbiza kabla ya wakati itaota kuvu na kuleta sumu, au utaiuza kwa bei ya hasara kwa broka aliyefurahi kusikia umetishika. Subiri utabiri wa siku saba, kisha amua.

Na sote kwa pamoja, tutenge Jumamosi moja kwa ajili ya mitaro ya mtaa wetu. Majembe yapo, mikono ipo. Tukimaliza tusirudishe tope kando ya mtaro, maana mvua ya kwanza italirudisha ndani, tulipeleke mbali. Panapohitaji mashine ya kaunti, tuandike barua moja yenye majina ya wakazi wote, tuifuatilie hadi ijibiwe. Namba ya Shirika la Msalaba Mwekundu, 1199, iwe kwenye kila simu ya nyumbani, hata ya mtoto anayebaki peke yake alasiri.

Langu la mwisho ni kwenu mnaoishi mahali palipoinuka. Wanaokaa kando ya Sosiani si wajinga wanaokataa kusikia. Wengi hukaa pale kwa sababu ndipo kodi inapolipika, na mtu akiambiwa ahame usiku bila kuambiwa aende wapi, hubaki na watoto wake akiomba Mungu. Onyo la kweli halimsaidii asiye na pa kwenda. Basi nendeni kwao sasa, kungali kukavu, mjuane kwa majina. Mwambie jirani yako: mama, mto ukianza kujaa, chukua watoto uje kwangu, na usiulize ni saa ngapi.