Elimu ya Vijana: Mwenye Kushika Vyombo katika Chumba cha Kupasulia

Kijana akisema ataka kazi ya hospitali, wengi wetu hufikiri mambo mawili tu: ama awe daktari, ama awe muuguzi. Walakini penye meza ya kupasulia yuko na mtu mwingine, naye ndiye tutakayemweleza leo, kwa kuwa wako jamaa zetu wakaao Marekani wenye watoto wa umri wa kuchagua kazi.

Huko kazi hii hufundishwa sana katika vyuo vya jamii, yaani vyuo vya miji na wilaya, ambavyo ada zake si kubwa kama za vyuo vikuu. Kilicho cha kale katika vile vya serikali ni cha Joliet, jimbo la Illinois, kilichoanza mwaka 1901 na wanafunzi 6. Mafunzo huchukua mwaka 1 hata miaka 2. Mwanafunzi husoma maumbile ya mwili, vijidudu, dawa, na majina ya vyombo, navyo ni vingi mno: visu, makasi, koleo za kubania mishipa. Kisha hupelekwa hospitali, na katika vyuo vilivyothibitishwa hana budi kushiriki katika kupasuliwa kwa wagonjwa 120 kabla ya kuhitimu.

Basi hayo yote mwenye bidii aweza kuyakariri. Lililo gumu ni usafi. Tangu Joseph Lister alipoonyesha mwaka 1867 ya kuwa jeraha likitunzwa kwa asidi ya kaboliki halioozi upesi, wapasuaji wamezidi kujihadhari na adui asiyeonekana kwa macho. Mtu akiisha kunawa huinua mikono, ili maji yatiririke kwenye viwiko, yasirudi vidoleni. Akiisha kuvaa joho na glavu, mbele yake tu, toka kifuani hata usawa wa meza, pamoja na mikono, ndipo pahesabiwapo kuwa safi, mgongo hauhesabiwi. Kwa hiyo wawili waliovaa hivyo hupishana uso kwa uso, au mgongo kwa mgongo.

Je, glavu ikigusa ukingo wa meza, wala hapana aliyeona? Waalimu wa kazi hii wana neno lao, dhamiri ya upasuaji, maana yake mtu aseme mwenyewe, papo hapo, abadilishe glavu, hata kama daktari ana haraka na uso umemkunjamana. Twaona hapa ndipo mwanafunzi apimwapo hasa. (Mtoto aliyezoea kuficha vipande vya sahani aliyoivunja ataiona kazi hii kuwa mzigo.)

Vivyo hivyo katika kuhesabu. Kabla kisu hakijagusa mwili, yeye na muuguzi huhesabu kwa sauti vitambaa vya shashi, sindano na vyombo. Kabla ya jeraha kufungwa huhesabu tena, na ngozi ishonwapo huhesabu tena. Vitambaa vikiwa 19 badala ya 20, hana ruhusa ya kunyamaza. Hutafutwa sakafuni, ndooni, na ndani ya mwili. Kisipoonekana, mgonjwa hupigwa picha ya eksirei, maana vitambaa vile vimetiwa uzi uonekanao pichani. Kilichosahauliwa tumboni chaweza kumtesa mtu miezi mingi, hata kumwua.

Mzazi mwenye kijana apendaye kazi hii na amwulize kwanza kama aweza kusimama saa nyingi bila kuketi wala kula, na kama damu haimtii kizunguzungu. Kisha wakiulize chuo kama kimethibitishwa, na wakione cheti chenyewe kabla ya kulipa ada, maana aliyesoma penginepo aweza kukataliwa katika mtihani wa kazi, na hospitali nyingi hazimwajiri asiyeushinda.