Meseji ya karo hufika, ya basari hupotelea wapi?

Vijana wa Eastleigh, Majengo, Kaloleni na Kayole, hebu fungueni simu za mama zenu. Meseji ya salio la karo iko. Ya siku ya mwisho kurudisha fomu za basari ya CDF je? Ya chanjo, au ya mtoto mwenye pumu kukaa na dawa yake bwenini? Kimya, ama inaingia tarehe ishapita. Halafu tunaambiwa wazazi wa mtaani hawajali. Atajali vipi jambo ambalo hakuambiwa?

Habari si hisani ya mwalimu mkuu. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo kwa serikali, na shule ya umma imo. Sheria ya 2016 inakuruhusu kuandika ombi kwa Kiswahili, bila kulipia ombi lenyewe, na ndani ya siku 21 wakupe jibu. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu huita Ombudsman.

Wewe ndiye umesoma. Mwandikie mama barua hiyo wiki hii, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri.