Raha ya Tarawehe
Tarawehe, sala ya usiku wa Ramadhani, si faradhi. Ni sunna, na asiyeiswali hana dhambi. Lakini Ramadhani ikishaandama tu, misikiti ya Unguja, Lamu na Mombasa hufurika baada ya isha hata mikeka ikatandikwa nje. Watu wameshinda na njaa, wengine wamebeba magunia kutwa, na bado wanasimama rakaa 8, wengine 20, nyuma ya imamu anayesoma kiasi cha juzuu moja ya Kurani kila usiku ili juzuu zote 30 zitimie kabla mwezi haujaisha. Anayetazama kwa mbali atasema ni mzigo juu ya mzigo. Basi na amtazame mzee mwenye magoti mabovu: kaletewa kiti, kakikalia rakaa mbili, kisha anakisogeza kando kwa mguu asimame bega kwa bega na wenzake. Sheria yenyewe imemruhusu aketi! Imepokewa katika Hadithi kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alimtaka Bilal, mwadhini wake, aite watu kwenye sala ili wapate kupumzika kwayo; raha imo ndani ya ibada, haingoji ibada iishe. Anayeswali kwa kuogopa macho ya majirani atahesabu rakaa zilizobaki, na simlaumu, maana hata hiyo ni njia ya kuingilia msikitini. Ila mwenye kumpenda Mola wake, usiku wa khitma, Kurani inapokamilika, humwona hana haraka ya kuvaa viatu, na Idi ikipita tu ameshaanza kufunga zile siku sita za Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, bila kuhimizwa na mtu.