Mwalimu, Uza Ufasaha, Usiuze Aibu

Chukua mfano wa kijana wa Buhigwe aliyepanda basi alfajiri kwenda mjini kutafuta kazi. Njiani basi linasimamishwa, abiria wanaulizwa watokako, na kijana huyo, ambaye yeye na baba yake wamezaliwa Muyama, anajibu kwa Kiswahili chenye mdundo wa kwao. Mara anaambiwa asogee kando aeleze kwa kirefu kwamba yeye si Mrundi. Wenyeji wa Mkoa wa Kigoma wamelinung'unikia jambo hili kwa miaka mingi, na wabunge wao wamelisema hadharani. Mpaka u karibu, wakimbizi walivuka kwa makundi makubwa mwaka 1993 na tena mwaka 2015, na Kiha na Kirundi ni lugha ndugu ambazo wasemaji wake husikilizana. Hivyo ulimi umegeuzwa kuwa cheti cha kuzaliwa, nacho ni cheti kisichostahili kuaminiwa.

Nimeanza na mkasa huo ingawa swali langu la leo ni la riziki. Je, mwalimu wa Kiswahili, mtangazaji mstaafu au mkalimani aweza kujipatia kipato cha ziada jioni kwa kufundisha watu matamshi? Naam, aweza, tena kwa halali kabisa. Lakini biashara hii ina mlango wa nyuma. Kuna mteja anayekuja kwa sababu haeleweki, na kuna anayekuja kwa sababu amechekwa. Wa kwanza anahitaji mwalimu. Wa pili ni rahisi mno kumla fedha zake, kwa kuwa aibu haina mwisho, na kila mwezi atakubali kwamba bado hajaiva.

Yapasa basi kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: matamshi na lafudhi. Matamshi yakikosewa, neno hugeuka likawa jingine. Wasemaji wengi wa Magharibi na wa kanda ya Ziwa hutatizwa na r na l, wakasema kula walipokusudia kura. Kijana akimwambia baba mkwe mtarajiwa kwamba mahali ameshapata, mzee hajui kama analetewa ng'ombe au anaonyeshwa kiwanja. Sauti za dh, th na gh nazo ziliingia katika Kiswahili pamoja na maneno ya Kiarabu. Asiyezikuta katika lugha ya mama yake husema zana badala ya dhana, na samani badala ya thamani. (Mhasibu akiulizwa samani ya jengo, atahesabu viti badala ya kutaja bei.) Makosa ya namna hii hukwamisha kazi, na kuyarekebisha ni huduma inayostahili malipo.

Lafudhi ni jambo jingine. Kiha ni lugha ya toni, kama kilivyo Kirundi. Sauti kupanda na kushuka hubadili maana. Kiswahili hakina toni, bali mkazo, ambao kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Muha anapozungumza Kiswahili hubeba kidogo ule wimbo wa kwao, kama Mchaga abebavyo wake na Mmakonde wake. Maneno yote yako sawa, kila mtu ameelewa, ila msikilizaji ametambua mtu huyu alikolelewa. Hapo pamekosewa nini? Ule mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipokichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu cha shule na vitabu, ulituachia kipimo cha kuandikia na kufundishia. Hata huko pwani, Mpemba hasemi kama Mtanga, na hakuna aonaye kwamba mmojawapo anahitaji tiba.

Tena Buha haikukifahamu Kiswahili jana. Katika zama za Mwingereza maelfu ya wanaume kutoka Kasulu na Kibondo walikwenda mashamba ya mkonge ya Tanga kuwa manamba. Waliorudi walirudi na Kiswahili cha kambini, kilichofinyangwa na watu wa makabila mengi waliolala chini ya paa moja. Mjukuu wa mzee kama huyo anapochekwa leo mjini kwa namna asemavyo, nanyi wazazi mnaosoma ukurasa huu mkasikia watoto wenu wakimwigiza msichana wa kazi aliyetoka Kigoma, wakumbusheni kwamba msichana huyo ana lugha mbili.

Turudi kwa mwalimu wetu. Buhigwe, wilaya iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012, haina wateja haba kama mtu wa mjini anavyoweza kudhani. Pale Manyovu, penye njia ya kuvukia kwenda Burundi, wafanyabiashara wa pande zote mbili hukutana, na Mrundi anayetaka kuuza na kununua bila dalali anahitaji Kiswahili kinachosikika. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na Kongo iliingia mwaka 2022. Kuna wasomaji wa masomo kanisani, washereheshaji wa harusi, na vijana wanaojiandaa kwa usaili wa kazi. Wapo pia wanaotamani kutangaza redioni. Tangu Redio Kwizera ya Ngara ilipoanza mwaka 1995, watu wa huko wamejua kwamba sauti ya kipaza sauti si lazima itoke Dar es Salaam. Mkongo aliyefika Nyarugusu baada ya kambi ile kufunguliwa mwaka 1996 amekuja na Kiswahili chake kamili. Huyo afundishwe tofauti zilizopo, asiambiwe kwamba hajui.

Kazi yenyewe haihitaji mtaji mkubwa: kioo kidogo, daftari, na simu yenye kurekodi. Siku ya kwanza mpe mteja kifungu kifupi asome, umrekodi, wala usimsahihishe neno. Akishaondoka, sikiliza peke yako mara tatu na uandike safu mbili. Safu moja iwe ya makosa yanayobadili maana, nyingine ya mambo yanayokuonyesha tu kwao ni wapi. Ile ya kwanza ndiyo kazi yako. Ya pili ifunike, isipokuwa mteja mwenyewe ameiomba kwa sababu ya kazi maalumu, mathalani uigizaji.

Kisha fundisha sikio kabla ya ulimi. Mgeuzie mgongo asikuone mdomo, tamka kura, kula, mahali, mahari bila mpangilio, naye ainue mkono wa kuume akisikia r na wa kushoto akisikia l. Walimu wengi huruka hatua hii na kuanza kupiga kelele, na mwanafunzi hurudia kosa lile lile kwa sauti kubwa zaidi. Sikio likishakubali, leta kioo. Kwa l ncha ya ulimi hushika ufizi nyuma ya meno ya juu, hewa ikapita kando. Kwa r ulimi hugonga hapo hapo na kuachia upesi, hauketi. Kwa th na dh ncha ya ulimi huja kati ya meno, na mwanafunzi akiweka vidole kooni atahisi mtetemo katika dh na kuukosa katika th. Gh hutoka nyuma, karibu na mahali pa g, ila pumzi haizibwi. Mwishoni gusia mkazo kwa neno barabara, ambalo mkazo ukiwa mahali pake pa kawaida ni njia ya magari, na ukisogea nyuma silabi moja maana yake ni sawasawa. Nusu saa yatosha kwa siku. Mwenye kigugumizi usimchukulie fedha kwa kitu usichokisomea, mwelekeze hospitali.

Kuhusu bei, kuna tamthilia ya Bernard Shaw iitwayo Pygmalion, iliyochezwa London mwaka 1914. Msichana Eliza, muuza maua wa barabarani, anakwenda kwa bingwa wa matamshi kuomba afundishwe, kwa kuwa maduka ya maua hayatamwajiri kwa usemi wake. Anatoa shilingi moja. Bingwa yule anapiga hesabu na kuona kwamba hiyo ni mbili ya tano ya pato la msichana kwa siku, na kwamba tajiri akitoa kwa kadiri hiyo hiyo angelipa paundi sitini. Hesabu hiyo ni nzuri kwa mwalimu wa Buhigwe. Muuza maharagwe wa Manyovu na mfanyakazi wa shirika la kigeni wasitozwe sawa, na mkulima wa kahawa akubaliwe kulipa baada ya mavuno. Idadi ya masomo itajwe tangu mwanzo, tuseme kumi, na la kumi liwe la mwisho kweli. Yule Eliza alifaulu hata akadhaniwa mtoto wa kifalme, kisha akamuuliza mwalimu wake atakuwa mtu gani sasa, maana barabarani hawezi kurudi na kwa mabwana hana kwao. Mwalimu hakuwa na jibu. Alikuwa amelirekebisha kila neno, hata yale ambayo duka la maua lisingeyauliza.

Mwalimu aliye mtumishi wa umma amwarifu mkuu wake kabla ya kuanza, asitumie saa za kazi, na kamwe asiwatoze wanafunzi wa darasa lake kwa jambo analolipwa mshahara kuwafundisha. Anayetaka kupanua kazi hii hadi kwa wageni aulize Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, kuhusu mafunzo ya wakufunzi wa wageni. Na somo la kumi likiisha, mrekodi tena mteja akisoma kile kifungu cha siku ya kwanza, mketi pamoja mzisikilize sauti zote mbili, kisha mwombe ataje jina lake na kijiji chake. Hapo usimsahihishe.