Mwindaji, Jangili na Mwarabu wa Televisheni



Nina mashtaka juu ya televisheni, nayaweka mbele yenu mhukumu. Vipindi vya makala juu ya uwindaji wa Afrika ya Mashariki, ambavyo wajukuu zetu huvitazama Maskati, Dubai na London na kuviamini kama darasa, aghalabu vina wawindaji wa namna tatu tu. Wa kwanza ni Mzungu mwenye kofia pana: huyu huitwa mwindaji, huwa shujaa, na akizeeka huwa mlinzi wa wanyama. Wa pili ni Mwafrika mwenye upinde au gobori: huyu huitwa jangili. Wa tatu ni Mwarabu mwenye kilemba, anayetokezea katika mchoro wa kale, muziki ukilia kwa huzuni na msimulizi akiishusha sauti yake: huyu ndiye aliyewamaliza tembo. Mnyama ni yuleyule na kifo ni kilekile. Yaliyotofautiana ni majina, na mwenye kuyagawa ni yule aliyeshika kamera.

Wako kati yetu wanaokasirika kwa kuwa wazee wetu wanatukanwa. Mimi ghadhabu yangu ina sababu nyingine. Vipindi hivi vinaukata mnyororo katikati. Vinaonyesha kidole kilichofyatua bunduki, vinamficha aliyenunua pembe, na vinamsahau aliyetunga sheria ya nani awinde na nani afungwe.

Tuanze na huyo mwenye kofia. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, mara tu baada ya kuondoka katika urais wa Marekani, alishuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit. Baba na mwana waliua kwa bunduki zao wenyewe wanyama 512, wakiwamo simba 17 na tembo 11. Wanyama wengi walipelekwa katika makumbusho ya Smithsonian kwa ajili ya elimu, hilo silikatai. Ila sikilizeni habari ya sinema. Mwaka huohuo mtengenezaji filamu wa Chicago, William Selig, hakungoja picha zitoke Afrika. Alinunua simba mzee, akamweka studioni, akamtafuta mtu wa kumuigiza Roosevelt, akawafanya Wamarekani weusi wa mji ule kuwa wapagazi, na yule simba akapigwa risasi mbele ya kamera. Picha za kweli, alizozichukua Cherry Kearton huku Afrika, zilitoka mwaka 1910, nazo hazikuwavutia watazamaji kama uongo wa Chicago. Hapo ndipo fani hii ilipojifunza somo lake la kwanza: mtazamaji anataka simba afe kwa wakati unaofaa, na shujaa awe amesimama mahali panapofaa.

Mtasema kwamba hayo ni ya zamani. Basi itazameni filamu mashuhuri ya John Marshall ya mwaka 1957 juu ya wawindaji wa Kalahari, ambayo imefundishiwa vyuoni kwa miaka mingi. Wanaume wanne wanamfuata twiga kwa siku kadhaa mpaka wamwangushe. Mtazamaji anadhani anauona msako mmoja, kumbe picha ni za misako mbalimbali zilizoshonwa pamoja. Marshall, na hili ni la kumshukuru, baadaye aliikosoa kazi yake mwenyewe, akatumia miaka mingi akishirikiana na watu wale kupigania maji na ardhi yao. Lakini sura aliyoichora imebaki: Mwafrika mwenye upinde ni mtu wa kale, hana deni, hana soko, hana serikali. Akikaa ndani ya sura hiyo husifiwa. Siku atakapouza alichokiwinda, upinde uleule unamgeuza jangili.

Ushahidi uko nyuma ya mji wa Malindi, katika nchi ya Waata, ambao vitabu vya Kiingereza viliwaita Waliangulu. Hawa waliwawinda tembo kwa pinde nzito na mishale ya sumu, na pembe zao zilishuka pwani vizazi kwa vizazi mpaka mikononi mwa wafanyabiashara wa Kiswahili na wa Kiarabu. Kisha ikaja sheria. Mwaka 1896 Wajerumani, chini ya gavana Wissmann, waliweka kanuni za leseni za uwindaji katika koloni lao. Mwaka 1900 mataifa yenye makoloni yalitia saini London mkataba wa kuhifadhi wanyama wa Afrika, na mezani hapakuwa na mwindaji hata mmoja wa Kiafrika. Leseni ilikwenda kwa mwenye fedha na bunduki ya kisasa. Mwaka 1948 Tsavo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na katika miaka ya 1950 wanaume wengi wa Kiwaata walikamatwa na kufungwa kwa kazi waliyorithi kwa baba zao. Wakati uleule, mgeni mwenye leseni aliendelea kuwinda Kenya kwa heshima zote, mpaka uwindaji ulipopigwa marufuku nchini mwaka 1977. Sisemi kuwa tembo hakuhitaji ulinzi. Nasema kipindi kinachomsifu askari wa hifadhi na kumwonyesha mfungwa akiwa amechuchumaa chini, bila ya kueleza jinsi alivyofanywa kuwa mhalifu, kimesema nusu.

Sasa tumfikie Mwarabu, na hapa ndipo panapotuhusu sisi. Jambo la kwanza: hata neno wanalolitangaza, safari, wamelikuta kwetu. Mpangilio wa msafara, wenye wapagazi, askari na wanyapara, ulikuwapo katika njia za Bagamoyo, Tabora na Ujiji kabla ya mtalii yeyote kuvaa kofia yake. Roosevelt alitembea na wapagazi zaidi ya 200 kwa mpangilio huohuo. Neno walilichukua, na mpangilio pia. Aliyewatangulia wakamwachia lawama peke yake.

Jambo la pili ni kwamba mfanyabiashara wa pwani mara nyingi hakuwa mwindaji. Tembo waliwindwa na watu wa bara wenye ujuzi huo: Wanyamwezi, Wakamba, Wamakua na wengineo. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ameacha habari za maisha yake kwa Kiswahili, na zimechapishwa tangu mwanzo wa karne ya 20. Humo anasimulia pembe alizonunua, na pia pembe alizoteka baada ya vita vyake na mtemi Nsama, na fedha alizokopa Unguja kwa Tharia Topan, tajiri wa Kihindi. Ni ajabu kubwa kwamba mtu ambaye sura yake haikosekani katika vipindi hivi, maneno yake husikika kwa nadra.

Jambo la tatu ni la hesabu. Mimi nilikuwa karani, na karani hakubali daftari lenye upande mmoja. Pembe ikitoka Unguja iliingia wapi? Iliingia London, Hamburg, Bombay, na Marekani, ambayo ilikuwa na mkataba na Sayyid Said tangu mwaka 1833. Katika jimbo la Connecticut upo mji mdogo ambao hadi leo unaitwa Ivoryton, yaani Mji wa Pembe, kwa sababu viwanda vyake vilikata pembe kuwa vibao vya piano. Mwaka 1909, mwaka uleule wa Roosevelt na wa simba wa Chicago, Marekani ilitengeneza piano zaidi ya 350,000. Nionyesheni kipindi kinachoanza na binti akicheza piano katika sebule yenye zulia, kisha kirudi nyuma hatua kwa hatua, kiwandani, bandarini, ghalani, njiani, hadi kwenye mzoga. Hicho ningekiita kipindi cha kweli.

Msomaji asiondoke hapa akidhani nimewatakasa wazee wetu. Njia zile za pembe zilikuwa pia njia za minyororo. Watu walitekwa na vijiji vikachomwa, na zipo nyumba za mawe ambazo wajukuu wanazionea fahari zilizojengwa kwa faida hiyo. Mwenye kutaka haki ya daftari kamili hana budi kukubali upande wake nao usomwe kwa sauti.

Kwa hiyo lawama yangu ya mwisho haiendi London wala Marekani. Inaingia katika majumba yetu. Kipindi kikianza, mzee hukunja uso na kusema, "Uongo wao," kisha huizima televisheni na kuagiza kahawa. Mtoto anabaki na swali mkononi, na kesho yake atalipeleka kwenye simu, atakutana na Mwarabu yuleyule wa mchoro. Tukinyamaza, tumempa mwenye kamera kibali cha kutusimulia.

Nawaomba basi, kila mwenye hati ya deni, waraka wa zamani, au hadithi ya babu aliyekwenda Tabora, Ujiji au Manyema, aiandike kama ilivyo, pamoja na sehemu yake ya aibu. Aandike alinunua nini, kwa nani, kwa mkopo wa nani, na nani aliubeba mzigo begani. Majina ya wapagazi yakijulikana yaandikwe kwanza, maana wengi wao hawakuwahi kuandikwa na yeyote. Na watoto wakitazama kipindi kingine cha uwindaji, kaeni nao mpaka mwisho, kisha waulizeni: aliyenunua yuko wapi katika hadithi hii?

Wassalaam.