Nzohe Hakuchongwa na Mtu Mmoja

Hapa Mkange, jirani na Hifadhi ya Saadani, nimewasikia watu wazima wakibishana juu ya michoro ya kale ya wanyama, ile iliyochongwa kwenye mbao au shaba kisha ikapigwa chapa vitabuni. Mengi yanayosemwa si kweli.

Wanasema michoro ile ni sawa na picha: mchoraji alimwona mnyama, akamchora. La. Mwaka 1515 msanii wa Kijerumani Albrecht Dürer alimchora kifaru ambaye hakuwahi kumwona, akitegemea barua na mchoro wa mtu mwingine. Akamvika ngozi kama deraya, akamwotesha na kipembe mgongoni. Ulaya ikamnakili kifaru huyo kwa zaidi ya miaka 200.

Wanasema pia kazi ile ni ya Wazungu peke yao. Hili ndilo linaloniuma. Wapelelezi wa Kizungu Speke na Grant walianza safari yao Bagamoyo Oktoba 1860, Mwafrika Sidi Mubarak Bombay akiwa katika msafara. Huko Karagwe ni wenyeji waliomkamata nzohe, swala wa majini, akiwa hai, wakamletea Speke. Kabla mchongaji hajamchonga, wao ndio waliomjua: makazi yake majini, malisho yake mafunjo, kwato zake ndefu zinazomtaabisha nchi kavu. Hata jina lililoandikwa katika kitabu cha Speke mwaka 1863, nzoe, lilitoka vinywani mwao. Lakini kwa wataalamu mnyama akawa *Tragelaphus spekii*, kwa jina la Speke. Waliomkamata hawamo.

Eti kamera imeimaliza kazi hii? Kamera humnasa mnyama mmoja, kwa mwanga wa siku ile. Mchoraji hukusanya alama za wanyama wengi na kuzionyesha zote pamoja. Ndiyo maana vitabu vingi vya kutambulia ndege wa Afrika Mashariki vinachorwa kwa mkono hadi leo.

Wa mwisho husema hayo hayatuhusu. Palahala wa pwani yetu tangu 1910 anaitwa kitaalamu *roosevelti*, kwa jina la Roosevelt aliyekuwa rais wa Marekani, na watoto wa Mkange hawajaambiwa.

Walimu, wapeni watoto penseli. Waketisheni na wazee wanaomtambua kuro na tohe kwa nyayo tu, wachore wanachoelekezwa. Na chini ya kila mchoro liandikwe jina la mzee aliyeelekeza.